Barafu Ilikuwa Tayari

12 Machi 2017

Dada Earlene,

Salamu nyingi kutoka huku milimani, ambako theluji bado haijakubali kwamba Machi imefika. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini nimelizoea kama mtu anavyomzoea jirani mbaya. Wewe je, sukari bado inakusumbua? Na Tavon, bado anazunguka mitaani na mkokoteni wake na yule farasi? Mwambie baba yake anamsalimu. Jana niliota nikimsikia akinadi matikiti, nikaamka nikidhani niko nyumbani.

Sasa nisikilize. Jumatano tulikuwa mbele ya televisheni, mimi na Pruitt ninayelala naye chumba kimoja humu gerezani, wakaonyesha habari za kwetu Baltimore. Hospitali kubwa ya mjini inataka kufanya majaribio. Mtu akipigwa risasi akavuja damu mpaka moyo umesimama, wanamjaza maji ya chumvi yenye baridi kali, wanamgandisha kama kuku wa dukani, kisha ndiyo wanamshona. Na hawamwombi ruhusa, ati kwa sababu hajitambui! Asiyetaka avae bangili ya mpira, wanaitoa wenyewe bure. Daktari akiiona mkononi hatamtilia hayo maji yake.

Earlene, wewe mtoto wa nani? Umesahau Mama alivyokuwa akituita jua likizama? "Ingieni ndani, madaktari wasije wakawazoa!" Sisi tukicheka. Lakini mjomba Ellsworth alipokuwa kifungoni walimnywesha ugonjwa kwenye kikombe, wakakaa na daftari kuhesabu anavyotapika, na yeye hakucheka. Sasa wafungwa wamewachosha, wanataka watoto wa mitaani kwetu. Nani anapigwa risasi Baltimore? Si watoto wao.

Nenda kachukue bangili mbili, yako na ya Tavon. Mtoto huyu nilimwacha na miaka mitatu. Sikumnunulia kiatu, sikumpeleka shule. Sijawahi kumwomba kitu, maana ningemwomba kwa uso gani? Hili moja namwomba.

Mdogo wako,
Wendell


2 Aprili 2017

Wendell mdogo wangu,

Barua tumeipata na sisi ni wazima, ila paa la nyuma linavuja, na Bi Tolliver wa jirani amevunjika nyonga akisugua ngazi zake za marumaru. Miaka themanini na moja! Nilishamwambia aache, akaniuliza nimeanza lini kuwa mama yake. Sukari yangu iko pale pale, mimi nayo tunavumiliana.

Bangili nimezichukua. Watu wa hospitali walifanya mkutano kule chini ya kanisa letu, Jumamosi, na mikate ya nyama ya kulisha watu mia. Tulikuja sita. Mmoja alikuwa amepotea, alidhani ni mkutano wa kodi, lakini alipoona mikate akabaki. Aliyezungumza ni daktari mwenyewe, mama mrefu anaitwa Halloran. Akasema mtu akifika pale damu imekwisha na moyo umesimama, wana dakika chache tu, na katika mia wanaofika hivyo hawatoki hai hata kumi. Yeye anataka kumpoza mtu mwili mzima, upesi, kwa maji ya barafu kwenye mshipa mkubwa, mpaka ubongo utulie usidai hewa. Hapo wanapata saa moja, labda mbili, za kuziba matundu. Kisha wanampasha joto polepole na kuuamsha moyo. "Hatuwezi kuwauliza siku hiyo," akasema, "ndiyo maana nimekuja kuwauliza leo mkiwa wazima."

Mzee Gaither akanyoosha mkono. "Hizo saa mbili, huyo mtu yuko wapi? Yu hai au amekufa?"

"Sijui," daktari akasema. "Nimetafuta jina la mahali hapo, sijalipata."

Sitakuficha, Wendell, jibu lile nililipenda. Mwongo hasemi sijui.

Lakini wewe umeomba, nami nikachukua mbili. Ni za njano, zimeandikwa maneno ya kukataa. Tavon alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Shangazi wee! Kutwa nauza ndizi nikiongoza farasi, sasa univishe na bangili? Wataniita bibi harusi." Nikamsomea barua yako, yote, mpaka pale mwisho. Kisha akanyoosha mkono nimvishe. Yangu nimeivaa pia, ukiuliza.

Dada yako,
Earlene


20 Aprili 2017

Dada,

Mungu akuzidishie umri na huyo Bi Tolliver azidishiwe mfupa. Barua yako imenifikia nakala tu. Siku hizi wanazipitisha kwenye mashine, yenyewe wanaichana, sisi tunapewa kivuli chake. Lakini mwandiko nimeujua, ule wako unaolala upande kama mlevi anayetafuta ukuta.

Nimefurahi hadi nimekosa usingizi. Nimewasomea wenzangu wa ghorofa hii, na wanaume kumi na mmoja wameandika kwao watu wao wakachukue bangili. Nusu yao hawajui kuandika vizuri, nimewaandikia mimi. Hata Pruitt, ambaye haandiki hata Krismasi, kaniomba nimwandikie dada yake amvishe mpwa wake. Earlene, ni mara ya kwanza tangu nifungwe nimefaa kitu kwa mtu.

Huyo daktari asikulainishe. Wewe tangu utotoni ukipewa jibu zuri unasahau swali. Mwambie Tavon asiivue hata akioga.

Wendell


9 Julai 2017

Wendell,

Salamu kutoka kwenye tanuri. Joto la wiki hii halina adabu. Bi Tolliver karudi nyumbani na fimbo, anakaa mlangoni kunielekeza nisugue ngazi zake vipi, na mimi mjinga nasugua. Jioni Tavon hutuletea barafu ya kusaga yenye sharubati, ile ya kastadi aliyokuwa akiipenda Mama. Kamvalisha farasi wake kofia ya majani yenye matundu ya masikio. Farasi anaitwa Shemasi, na kwa kofia ile ndugu yangu, afadhali mashemasi wetu wote wasimwone.

Nikuambie jambo, usinikatize. Mwezi uliopita tumemzika mtoto wa Bi Renshaw, miaka kumi na tisa. Alipigwa risasi, akavuja damu mikononi mwa madaktari hospitalini. Bangili hakuwa nayo, na hayo majaribio yalikuwa hayajaanza, kwa hiyo hapakuwa na bahati wala kisirani, kafa tu kama wanavyokufa siku zote. Nilirudi nyumbani nikamwambia Tavon, "Ivue. Baba yako ana hofu zake na ana haki nazo, lakini wewe ndiye uko mtaani, si yeye." Unajua alinijibu nini? "Shangazi, hiki ndicho kitu pekee ambacho Baba amewahi kunipa nikavaa." Nikamwambia hukupewa na baba, umepewa na hospitali. Akacheka. Hakuivua.

Sigombani nawe. Nakuomba tu umwandikie mwenyewe kwamba ni hiari yake. Neno lako analisikiliza kuliko langu mimi niliyemlea, na sioni haya kusema linaniuma.

Tarehe 9 Septemba tunakuja kukuona, sote wawili. Nimeshaomba gari la mzee Gaither.

Earlene

Baba, mimi Tavon. Shangazi kanisimamia na mwiko niandike. Bangili ninayo. Shemasi anataka kuila kila siku, anadhani ni ganda la ndizi. Nimefuga ndevu, usije ukapita bila kunijua. Septemba si mbali.


23 Agosti 2017
(Haikutumwa)

Wendell,

Sina salamu leo, unisamehe.

Tavon amekufa jana. Saa tisa alasiri alikuwa nje ya zizi anamwosha farasi. Gari mbili zikapita zikifukuzana, wa nyuma akawapiga risasi wa mbele, wote wakaenda zao wazima. Moja ilimpata Tavon chini ya mfupa wa bega, nyingine tumboni. Wenzake wa zizini walimkandamiza majeraha kwa matambara ya farasi, na gari la wagonjwa halikuchelewa. Moyo wake ulisimama wanamwingiza mlangoni. Nilifika na aproni yangu, mikono ina unga.

Aliyetoka kuja kuniona ni yule Halloran. Alinikumbuka. Akakaa kwenye kiti cha pembeni yangu, akanishika mkono, akaiona bangili yangu, akauachia.

"Bi Maddox," akasema, "tulimfungua kifua. Tulifanya kila kitu cha siku zote, dakika arobaini na zaidi."

"Na kile kingine?" nikamwuliza.

"Barafu ilikuwa tayari. Mwenzangu alishashika mpira wa maji. Ndipo nikauona mkono wake."

"Angepona?"

"Sijui. Wengi hawatapona hata kwa barafu, siwezi kukudanganya kwamba angepona. Najua tu kwamba nilisimama, kwa sababu alikuwa amesema hapana."

Hakusema hapana, Wendell! Nilitaka kumpigia kelele yule mama ukumbi mzima usikie. Mtoto yule hakusema hapana hata siku moja. Wewe ndiye uliyesema hapana na mimi ndiye niliyemvisha. Yeye alichosema ni ndiyo, kwa baba yake.

Wamenipa vitu vyake kwenye mfuko. Viatu, funguo, kipande cha karoti ya farasi, na bangili, wameikata kwa mkasi. Nimeiosha kwenye sinki kwa sabuni. Sijui naiosha ya nini.

Nakuchukia leo. Kesho labda sitakuchukia. Nimesoma tena barua yako ile ya Aprili, uliposema umefaa kitu kwa mtu, na naona siwezi kuitia hii kwenye sanduku la posta.


24 Agosti 2017

Wendell mdogo wangu,

Kasisi wa huko gerezani nilimpigia simu, najua ameshakufikishia. Pole, ndugu yangu. Pole sana. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine, ila barua ingechukua siku kumi.

Alikufa pale pale zizini, kabla gari la wagonjwa halijafika. Hakuteseka. Kule hospitali hakuna aliyemfanya lolote. Tunamzika Jumanne. Wenzake wameomba Shemasi atembee nyuma ya jeneza, nami nimekubali.

Zaidi ya hapo usiniulize, tafadhali. Nitaandika nikipata nguvu.

Earlene


17 Septemba 2017

Dada yangu,

Nakusalimu kwa jina la wazee wetu, maana la kwangu limeniishia nguvu. Umekula? Usiniambie umekula kama hujala.

Kasisi aliniita chumbani kwake, akanipa karatasi na kikombe cha kahawa. Kahawa ya kweli, si hii yetu. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Niliomba kuja mazikoni hata kwa pingu, wakakataa. Jumanne ile nilisimama uwanjani nikielekea mashariki. Pruitt alisimama karibu yangu, Mungu ambariki kwa hilo.

Tarehe 9 ilipofika nilinyoa. Nilivaa shati nililolipiga pasi chini ya godoro kwa ajili yenu, nikakaa kitandani mpaka saa za wageni zikaisha. Nilijua hamji, Earlene. Nilikaa tu.

Yeye hapa, kwenye barua yenu ya Julai, alinitania kuhusu ndevu zake. Sijaziona. Ni nyingi?

Nina swali moja, nalo silo ulilonikataza. Alikuwa ameivaa? Naamini alikuwa ameivaa. Nikilala najiambia: angalau hawakumchezea. Hawakumjaza maji yao wakamwandika kwenye daftari. Alikwenda mzima kama alivyozaliwa, na hilo nililifanya mimi, baba yake. Ni kitu pekee nilichowahi kumfanyia mwanangu, Earlene, na ndicho kinachonisimamisha asubuhi.

Wendell


26 Novemba 2017

Wendell,

Salamu, na samahani kwa miezi miwili. Kalamu ilikuwa nzito. Tumekula Sikukuu ya Shukrani kwa Bi Tolliver, bata mzinga na kabichi lake chachu, amelipika mwenyewe kwa kuegemea fimbo. Aliweka sahani ya Tavon. Sikumwambia aiondoe. Tumeila pamoja mwishoni ili isitupwe.

Shemasi hataki kuvuta mkokoteni akiongozwa na mtu mwingine. Anasimama. Wakimpigia mluzi anageuza kichwa kutazama nyuma, kisha anasimama tena. Wanasema watampeleka shambani huko kaskazini akapumzike.

Ndevu zilikuwa chache, Wendell. Upande mmoja hazikuota kabisa. Alikuwa akizichana kila asubuhi kwa kitana changu akidhani sijui.

Alikuwa ameivaa.

Yangu bado naivaa. Wenzangu kanisani wananiuliza, nawaambia nimeizoea. Na wewe usiniulize.

Earlene


14 Januari 2018

Dada Earlene,

Heri ya mwaka, kama ina mwenyewe. Tulikuwa tumefungiwa vyumbani wiki tatu kwa sababu ya vurugu za ghorofa ya chini, barua haziingii wala hazitoki. Goti limevimba. Nimesoma barua zako zote upya, toka Aprili, kwa mpangilio, mara nyingi.

Yule mpwa wa Pruitt niliyemwandikia habari ya bangili, kumbe aliitupa siku ile ile. Alisema hajawahi kumsikiliza mjomba wake na hataanzia hapo. Mwanzoni mwa Desemba kachomwa kisu cha kifua, moyo ukasimama. Wakampoza. Saa moja na dakika kumi, Pruitt anasema, hana damu, hana mapigo, baridi kama samaki. Kisha wakamrudisha. Wametuma picha, kasimama na fimbo, mkono mwingine ana samaki wa kukaanga na mkate mweupe, kakonda lakini anacheka na mdomo umejaa. Unajua nimeionaje picha hiyo? Nimeikuta chini ya godoro la Pruitt. Aliificha siku nne nisiione. Nilipomwuliza kwa nini, mtu mzima yule mwenye shingo kama nguzo akaanza kulia.

Sasa nikuambie nisilokuambia mwaka jana. Ile karatasi ya hospitali aliyonipa kasisi ninayo ndani ya Biblia. Niliisoma siku ile ile. Inasema amefariki saa kumi na dakika ishirini, chumba cha dharura. Barua yako ilipokuja ikasema zizini, kabla ya gari. Nilijua mmoja wenu amekosea, na nilichagua kukuamini wewe, kwa sababu ya kwako ilinifaa. Sikuuliza. Hata nilikushukuru moyoni.

Leo nauliza. Barafu ilikuwepo? Usinilainishe. Nilimpiga mtoto wa watu risasi mwaka 1996 akafa kwenye lami, na baba yake alisimama mahakamani akanitazama. Nimestahimili kutazamwa na yule mzee, nitastahimili na hili.

Wendell


28 Januari 2018

Wendell,

Nakusalimu. Nyumbani ni salama, paa limezibwa.

Ndani ya bahasha hii kuna barua mbili. Hii, na nyingine ya miezi mitano, iliyokuwa kwenye kopo la unga. Isome ukiwa umekaa. Kuna neno nimesema mle la kukuchukia, sikulifuta kwa kuwa siku ile lilikuwa kweli. Leo si kweli.

Nilijiambia nakuficha wewe. Nilikuwa najificha mimi pia. Ningeweza kumvua bangili kwa nguvu Julai ile. Alikuwa amelala kibarazani, mkono umening'inia, na mkasi ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nikasema, ni jambo lake na baba yake. Nikaingia ndani kukaanga mayai.

Hata hivyo Halloran alisema hajui. Shikilia hilo. Mimi nalishikilia.

Earlene


4 Machi 2018

Dada Earlene,

Salamu. Naanza na salamu makusudi, maana tukiacha kusalimiana tutakuwa tumekwisha. Theluji bado ipo, kama mwaka jana. Goti liko hivyo hivyo. Nimepokea barua zote mbili, nakala, na ile ya Agosti mashine imekata ukingo wa chini, lakini nimesoma ya kutosha. Ni wiki tano sasa. Kila nikishika kalamu naandika jina lako, naweka chini.

Sina la kukusamehe. Wewe ulimlea, mimi nikamwua kwa barua. Usinikatalie, niache nilibebe hivi kwa muda. Halloran alisema hajui, na hilo ndilo linaloniua zaidi, kwa sababu angejua ningejua nilie kiasi gani.

Nimewapitia wale kumi na mmoja. Mmoja mmoja, uwanjani, chakulani, hata aliyehamishwa jengo la pili nimemtumia neno. Nimewaambia, mimi Maddox niliwaandikia barua zile, nimekuja kuwaandikia nyingine kwa mkono huu huu. Nikawaeleza habari zote za mwanangu. Wawili walinitukana, na nilistahili. Mzee Stribling ndiye aliyenishika shati. "Kwa hiyo sasa unawaamini wale watu? Umesahau walivyotufanya?" Nikamwambia sijasahau, na siwaamini, sijui kama nitawaamini mpaka nife. "Basi niandike nini?" akaniuliza. Nikamwambia, "Usimwandikie binti yako avae wala avue. Mwulize anataka nini. Mimi wangu sikumwuliza." Stribling akaniachia shati. Tukaandika hivyo, na huyo alikuwa wa kumi na moja.

Tavon aliniandikia mistari sita maishani mwake na ninaijua kwa moyo. Anasema ana bangili, farasi anataka kuila, ana ndevu, Septemba si mbali. Nimetafuta humo ndani "hapana" moja, siioni.

Umebaki wewe, Dada. Una miaka sitini na nane, unapita barabara ile ile kwenda kanisani, na mkononi una kitu nilichokuvisha mimi. Utaona hapo juu nimeandika neno nikalifuta mpaka karatasi ikatoboka. Nilikuwa nimeandika "ivue." Kisha nikaona ni mimi yule yule, nimekaa mbali na kila kitu, natoa amri kwa mkono wa mtu mwingine.

Kwa hiyo sikuambii. Nakuuliza, kama ambavyo ilinipasa kumwuliza yeye. Earlene, wewe mwenyewe unataka nini?

Mdogo wako,
Wendell